Ngozi iliyozidi inaenda wapi? Nilivyopasuliwa maziwa mara mbili

Mi ni fundi cherehani, mwaka wa 16 huu niko kwenye hii kazi, nashona magauni ya sherehe, sare za kamati, vitenge vya kichen pati, kwa hiyo kutwa nzima tepu iko shingoni. Kipimo kinachowaumbua wanawake kuliko vyote sio kiuno wala hipsi kama watu wanavyodhani, ni kile cha bega mpaka ziwa. Unamsimamisha mteja wima, unaweka ncha ya tepu begani, unashuka nayo mpaka kwenye chuchu, unaandika. Binti wa miaka 20 unakuta inchi 10, 10 na nusu. Mama wa watoto wanne unakuta 13 huko, na hapo anabana pumzi anapandisha na mabega ili tepu isome pungufu, mi najifanya sijaona. Nawaelewa sana. Mwenyewe nilikuwa 14.

14 ni ndala jamani, tusidanganyane. Baada ya mtoto wa tatu nilifika kilo 103, nikaja kujipa shughuli nikapungua mpaka 72 ndani ya miaka miwili, kila kitu kikarudi mahali pake isipokuwa maziwa, yani nyama iliisha ikabaki ngozi, kama soksi umetia chungwa moja kule chini kabisa. Kwenye sidiria nayakunja kama nakunja kanga ndo nayaweka. Na msianze na ile habari kwamba kunyonyesha ndo kunaangusha maziwa, maana mama zetu wametulea na hiyo, kuna utafiti ulifanyika Marekani huko Kentucky ukatoka 2008, wakakuta kunyonyesha kwenyewe sio shida, shida ni idadi ya mimba, umri, uzito, saizi ya maziwa uliyokuwa nayo kabla ya kuzaa, na sigara. Kwa hiyo mwanangu wa mwisho niliyemnyonyesha miaka miwili na kumlaumu juu hana kosa masikini.

Baba Nasra hakuwahi kulalamika, hilo niseme. Shangazi yangu wa Tanga ndo nilimwambia wa kwanza kwamba nataka kupasuliwa niyapandishe, akanijibu mwanangu maziwa yakishalea yameshamaliza kazi, sasa unataka yasimame yakamlee nani? Nikacheka lakini moyoni sikukubali. Sikuwa nafanya kwa ajili ya mtu, nilichoka na ule upele wa joto chini ya ziwa, na nilichoka kushonea watu magauni ya wazi mgongoni ambayo mi siwezi kuyavaa hata kwa kujaribu.

Sasa kosa langu. 2021 nilienda Istanbul kufata mzigo, wanaofata vitambaa kule wanaujua mtaa wa Laleli, na pale ukishakuwa mgeni wa mara mbili tatu unakutana na wadada wanaongea Kiswahili, wengine wanakupeleka kwa wenye nguo, wengine kwa wenye nywele na meno na matumbo. Dada mmoja akaniunganisha na kliniki moja sitaitaja. Nikapiga picha tatu bafuni hotelini, mbele na ubavu huu na ubavu huu, nikatuma WhatsApp. Nadhani haikufika hata nusu saa jibu likarudi, wanasema tutakufanyia donati, kovu dogo tu linazunguka chuchu, halionekani, siku 5 unapanda ndege, na bei ni pamoja na hoteli na gari la kukufata. Bei ilikuwa chini ya nusu ya niliyotajiwa India. Mi nilichosikia hapo ni neno moja tu, kovu dogo. Sisi ngozi nyeusi tunaogopa kovu, nina keloidi ndogo nyuma ya sikio tangu nitobolewe mara ya pili nikiwa sekondari, kwa hiyo mtu akikwambia kovu dogo ni kama amekuwekea asali mdomoni.

Daktari nilimuona asubuhi ya oparesheni yenyewe, mkalimani pembeni, akanichora na kalamu, dakika tano hazikufika akaondoka. Hakunipima. Hebu fikiria, mi mtu wa tepu, mteja akinitumia picha tu akasema nishonee gauni la harusi namfukuza, halafu mwenyewe nimesimama kifua wazi mbele ya mtu hana hata rula na sikushtuka. Naomba nieleweke, Uturuki kuna mafundi wakali wa hii kazi na watu wanarudi wamependeza, nasema pale nilipoenda mimi na haraka niliyoenda nayo.

Sasa donati yenyewe ni nini, maana nilikuja kuielewa baadae kabisa na nilivyoelewa nilikaa chini. Wanakata mduara kuzunguka ule weusi wa chuchu, halafu mduara mwingine mkubwa nje yake, wanatoa ngozi ya katikati, ile pete, halafu mduara mkubwa unashonwa kwenye mdogo. Inapitishwa na uzi wa kuvuta ambao hauozi, kama kamba ya bukta, unavuta unafunga. Aliyeipa umaarufu hiyo ya uzi ni daktari Mfaransa anaitwa Benelli, 1990. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshajua nini kitatokea. Ukishona mduara mkubwa kwenye mduara mdogo unapata nini? Marinda. Na marinda hayanyanyui kitu. Kwa mtu ambaye chuchu imeshuka kidogo tu, sentimita moja mbili hivi, pete inayotolewa ni nyembamba, marinda yanakuwa madogo yanajilaza yenyewe baada ya miezi na anabaki na kovu zuri kweli. Kwa ndala ya 14 wanatoa pete pana, na ile nguvu ya ngozi kuvuta kurudi inakuwa kubwa kila siku usiku na mchana.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naringa. Mwezi wa nne naona weusi unapanuka. Mwezi wa nane weusi umekuwa kama kisosi cha chai, kovu limetanuka limekuwa jeupe upande na jeusi upande, na ziwa lenyewe limekuwa bapa, limekandamizwa kwa mbele kama andazi lililokaliwa, chuchu imepanda kidogo ila bado inaangalia vidole vya miguu. Nilijipima, inchi 13. Hela yote ile ya kiwanja Kibada nimenunua inchi moja. Nikawaandikia, wakajibu tuma picha, nikatuma, wakasema ni kawaida subiri mwaka, mwaka ukafika wakasema njoo turekebishe kwa punguzo. Yule dada wa Laleli namba yake ikawa haipatikani.

Nikakaa miaka miwili simwambii mtu. Aibu ya kupasuliwa urembo halafu ukaharibika ni mbaya kuliko ndala zenyewe, maana ndala hujazitaka mwenyewe.

Kilichoniamsha ni mteja wangu mmoja, nesi, alinikuta nabadilisha nguo nyuma ya pazia dukani akaona, hakusema kitu, kesho yake akanitumia ujumbe, dada yangu hilo linarekebishika, na usiende mbali, siku hizi upasuaji wa urembo unafanyika hapahapa, hata hospitali ya Mloganzila wanafanya. Akanishauri nikimpata daktari niulize vitu viwili, kama amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika kama bingwa wa upasuaji rekebishi, sio daktari wa upasuaji wa kawaida aliyesomea kidogo, na nimwombe picha za wateja wake weusi wa mwaka mzima baada ya oparesheni, sio za wiki sita. Hilo la pili ni dhahabu. Wiki ya sita kila mtu ni mrembo, mi mwenyewe picha yangu ya wiki ya sita ungeiweka kwenye tangazo.

Niliona madaktari wawili Dar, hospitali tofauti, za binafsi wote. Wa kwanza, mtu mzima mpole, kitu cha kwanza alichofanya alivuta droo akatoa tepu. Nikatamani nimkumbatie. Akanisimamisha, mikono imelegea, akaanzia kile kishimo cha chini ya koo mpaka chuchu, sentimita 29, upande wa kushoto 30. Akapima chuchu na chuchu. Akapima kutoka chuchu mpaka ule mkunjo wa chini, pale waya wa sidiria unapokaa, akasema nivute ngozi, ikasoma 14. Akanieleza kwamba wao wanaangalia chuchu iko wapi ukilinganisha na ule mkunjo, ikiwa usawa wake au imepita kidogo ni daraja la kwanza, ikishuka chini yake ni la pili, ikiwa ndo sehemu ya chini kabisa ya ziwa inaangalia sakafu ni la tatu. Ile ya kuweka penseli chini ya ziwa uone kama inakaa alicheka akasema achana nayo, hata ziwa lililosimama likiwa kubwa linashika penseli. Mi ningeweka mkasi wangu wa kukatia na ungekaa.

Akaniuliza mtoto wa mwisho ana miaka mingapi, nitazaa tena, uzito umekaa sawa kwa muda gani. Maana ukizaa baadae au ukaongezeka ukapungua, kazi yote inalegea tena. Akauliza sigara nikasema sivuti, akauliza shisha nikanyamaza. Kumbe shisha nayo ni ileile, nikotini inabana mishipa ya damu na chuchu inaweza kufa, kufa kabisa, ikawa nyeusi ikadondoka. Akasema wiki nne kabla na wiki nne baada hata moshi wa jirani sitaki. Huko Istanbul hakuna aliyeniuliza.

Halafu akanichorea kwenye karatasi. Donati ninayo, sina haja ya kuelezwa. Ya pili ni ile ya pipi kijiti, mduara kuzunguka chuchu na mstari mmoja unashuka mpaka mkunjo. Ya tatu ni nanga, hiyohiyo pipi kijiti lakini chini unaongezeka mstari wa kulala ndani ya mkunjo, ukiangalia kwa mbali ni nanga ya jahazi kweli. Wastani wa mtu kama mimi, akasema, ni nanga.

Nikakataa palepale. Makovu yote hayo? Nimekuja na kovu moja baya niondoke na matatu?

Daktari wa pili alikuwa kijana, msomi, anaongea haraka, yeye akasema pipi kijiti inatosha, anapunguza kovu moja zima, umbo linatoka ndani kwa kushona nyama na sio kwa kuvuta ngozi, na ngozi iliyobaki chini inajikusanya yenyewe. Nikafurahi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Baba Nasra nimepata. Akaniuliza swali ambalo mi ndo nilitakiwa niulize, na hajui kushona hata kifungo, akasema sasa ile ngozi ya chini iliyozidi inaenda wapi?

Nililala nalo hilo. Usiku nikaamka nikachukua kitambaa cha bitana nikakata ziwa. Msicheke. Nikatengeneza soksi yenye upana na urefu wangu, nikajaza pamba kidogo, nikakata kama pipi kijiti, nikabana katikati. Upana umeisha vizuri, umbo limechongoka, limependeza. Ila chini kitambaa kimejikunja kifurushi. Kwa sababu mstari wa kushuka unachukua upana, hauchukui urefu, na mi nilikuwa nimezidi kote kote. Nikakata mstari wa kulala, nikatoa kile kipande cha chini, kikalala flati. Nanga. Ukitaka kujua sikujivumbulia chochote, baadae daktari akaniambia mchoro wa nanga uliwekwa na daktari Mmarekani anaitwa Wise, 1956, na aliutoa kwenye pateni za kukatia sidiria. Yani ufundi wetu huu huu.

Nikarudi kwa yule kijana na swali langu, ngozi ya hapa chini inaenda wapi, na niseme ukweli alinijibu kiungwana, akasema mara nyingi inajilaza kwa miezi mitatu minne, ngozi ikiwa bado na mvuto, isipojilaza anarudi kuikata kidogo kwa ganzi ya kawaida. Ngozi ikiwa na mvuto. Ngozi iliyobeba kilo 103 ikashuka 72 ina mvuto gani? Michirizi tupu. Kwa rafiki yangu mmoja ambaye hajawahi kunenepa, ana watoto wawili tu, pipi kijiti ilimfaa na sa hizi huwezi kujua kama amefanya. Mi mwili wangu sio wake.

Basi nikarudi kwa mzee wa tepu nikamwambia nanga, ila niambie kuhusu keloidi. Akaangalia sikio. Akaangalia kovu la chanjo begani. Halafu akaomba kuona kovu la oparesheni ya uzazi, la mtoto wa pili, akalipapasa kwa muda, limelala, jeusi ila halijavimba. Akasema hilo ndo shahidi wangu mkubwa kuliko sikio. Akanieleza kwamba kwenye nanga sehemu hatari kwa ngozi zetu ni ncha ya ndani ya ule mstari wa kulala, ikikaribia katikati ya kifua, maana kifua katikati keloidi zinapenda sana, kwa hiyo yeye anaukatisha mapema haufikishi huko. Angekuta la uzazi limevimba kama mdudu angenishauri nivae sidiria nzuri niende nyumbani, maneno yake hayo.

Kuhusu silikoni, maana kuna mtu atauliza, nilitamani juu pajae. Akanionya kuwa ukiweka uzito mpya kwenye ngozi iliyochoka utashuka nao, na kipandikizi sio cha maisha, ipo siku kitabadilishwa, na kupandisha na kujaza kwa wakati mmoja kunavuta ngozi huku na huku. Badala yake ile nyama ya chini ambayo ingetupwa aliikunja akaipandisha juu ndani kwa ndani akaishona kwenye misuli ya kifua. Haikunijaza kama video za mtandaoni, ila nina kitu juu, mkono ukipita unakikuta.

Sasa hapa pana kitu wanaorudia oparesheni lazima wakijue. Watu wengi wanadhani chuchu inakatwa inatolewa inabandikwa juu. Hapana, inaachwa imeshikwa na shina la nyama lenye mishipa ya damu, inahamishwa pamoja na shina lake, ngozi ndo inakatwa kuizunguka. Kama mtu alishaingia humo mara ya kwanza, wa pili asipojua shina liliachwa wapi anaweza akalikata. Kwa hiyo mzee akasema leta ripoti ya Istanbul. Nikawaandikia wale jamaa, wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikawaambia basi nitakuja mwenyewe mlangoni nikae, ndo ikaja karatasi moja juu imeandikwa Epikriz, yani muhtasari wa matibabu, chini Kituruki mistari sita. Mteja wangu mmoja anayeletaga mazulia akanitafsiria. Imesema ngozi tu ndo ilikatwa, ndani hawakugusa. Mzee akashusha pumzi. Na mi nikaelewa kwa nini ndala zilirudi, nyama haikushonwa, ngozi peke yake iliachiwa ibebe.

Nikafanyiwa 2024 mwanzoni, baada ya altrasaundi na mamogramu, ana sheria kwamba ukishafika 40 hakugusi bila kuangalia ndani kuna nini. Wiki mbili kabla niliacha diklofenaki ninazomezaga kwa ajili ya mgongo, na vidonge vya kitunguu saumu, vyote vinafanya damu isigande vizuri. Asubuhi alinichora nikiwa nimesimama, nusu saa nzima, anapima anafuta anapima, mi namuangalia navyomuangaliaga mwanafunzi wangu akishika chaki, kuna mahali nikamwambia daktari kushoto kumezidi, akapima tena, kweli kilizidi nusu sentimita. Akacheka akasema wewe ningekuajiri. Nusukaputi, masaa matatu na nusu ndani.

Nilivyoamka kitu cha kwanza niliona yamekaa karibu na kidevu. Nanga ikiwa mpya inatisha, yako juu mno, chini bapa, umbo la mraba, unaweza ukalia. Inabidi ushushe matumaini kwa miezi mitatu mpaka sita yashuke yakae mahali pake, na mtu asikuone kabla ya hapo. Maumivu hayakuwa makubwa kama kuzaa, yalikuwa kama mtu amekubana na pingu kifuani. Kulala chali wiki sita, kwa mimi wa tumbo ilikuwa adhabu kuliko kisu. Kunyanyua ndoo hakuna, pasi hakuna, mkasi mkubwa hakuna, wasichana wangu dukani waliharibu gauni mbili nimekaa kwenye kiti naangalia mkono uko kifuani.

Siku ya 12 pale njia panda, pale mstari wa kushuka unapokutana na wa kulala, pakaachia. Kidonda kama sarafu ya shilingi 50. Nikampigia mzee naharisha kwa hofu, akaniambia nilikwambia, na kweli alikuwa ameshaniambia kabla, hapo ndo ngozi zote tatu zinavutana na damu inafika kwa shida, ni kawaida kufumuka kwenye nanga. Sawa na pale kona nne za kitambaa zinapokutana kwenye shati, hapo ndo panafumukaga siku zote. Kilisafishwa, kikafungwa, wiki nne kikaziba chenyewe. Joto la Dar mwezi wa pili na jasho chini ya ziwa, nilinunua feni ya pili.

Ganzi ndo sikuitegemea. Chuchu ya kulia ilirudi baada ya miezi mitatu, kwanza inawasha, halafu inachoma kama sindano, halafu ikawa kawaida. Ya kushoto mpaka leo naandika hii haijarudi yote, naisikia kama naigusa juu ya kitambaa. Karatasi niliyosaini iliandika hilo na nilisaini. Na kovu, mwaka wa kwanza lilikuwa jekundu jeusi limenyanyuka, nikavaa zile plasta za silikoni usiku miezi sita, ncha ya nje upande wa kulia ilianza kuvimba akaipiga sindano mbili za steroidi ikatulia. Sa hizi la kulala halionekani mpaka uninyanyue, la kushuka ni mstari wa kahawia mwembamba, na lile la kuzunguka chuchu, alikata kovu la Istanbul lote akaupunguza ule weusi, ndo zuri kuliko yote. Bega mpaka ziwa, inchi 11.

Mwezi uliopita wifi yangu mdogo alikuja dukani, ana mtoto mmoja, mwembamba, amesikia kwa kaka yake. Simu mkononi, ananionyesha picha, wifi mi nataka nanga kama wewe, nimeona kwenye video ndo inapandisha kuliko zote. Nikamsimamisha pale pale nyuma ya pazia nikaweka tepu begani. Inchi 10 na robo tatu. Nikapima na ule mkunjo, chuchu iko palepale usawa, imeinama kidogo tu kama mtu anasinzia.

Nikamwambia wewe huna cha nanga wala pipi kijiti, ukilazimisha sana nenda kamuone mzee, huenda wewe ndo wa donati.

Akanuna. Si ulisema donati ilikuharibu?

Nikamwambia ilikuwa sio saizi yangu. Akauliza na silikoni je, nikamwambia hayo sijavaa siwezi kukupimia, simama vizuri basi nichukue na kiuno, gauni lako la kamati linatakiwa Ijumaa.